Siku moja maishani mwangu: mimi na mitungi ya sabuni ya hospitali

Saa kumi na nusu alfajiri. Simu imelia na kabla hata sijaizima nasikia mikono inawasha. Watu hudhani mtu anayetengeneza sabuni ana mikono laini kama ya mtoto mchanga, haki ningewaonyesha yangu, vidole vimepasuka kwa viungo mpaka nikikamulia ndimu kwa chai naruka. Napapasa gizani natafuta vaselini, napaka, navaa. Mfereji wa ploti umekauka tangu Jumatatu kwa hivyo maji ni ya kununua, mtungi 20 bob, nanawa uso na kikombe kimoja cha plastiki na kingine cha mswaki basi. Hiyo ndio Mukuru kwa Reuben, mtaa wetu wa mabanda hapa Nairobi, mtu anaenda kutengeneza lita 400 za sabuni ya kunawa na kwake anapimia maji kwa kikombe.

Saa kumi na mbili niko Enterprise Road kwa miguu. Ukitaka kuona Nairobi ikiamka usiende tao, simama hapo uone watu walivyojaa kando ya barabara wanaelekea viwandani, kila mtu na kopo lake la chakula na hakuna anayeongea.

Kampuni yetu usifikirie jengo kubwa, ni godauni moja, watu sita na matanki mawili ya plastiki. Tunatengeneza sabuni ya maji ya kuua bakteria, wateja ni zahanati, maabara, hospitali ndogo ndogo na shule za bweni. Mimi ndio wa kuchanganya, lakini pia ndio wa kupeleka, na mteja akilalamika mimi ndio wa kutukanwa.

Saa moja tunaanza bachi, yaani mchanganyo mmoja wa tanki. Maji yaliyochujwa yanatangulia, halafu ungerol, ile malighafi nzito inayotoa povu, inafanana na asali iliyokaa kwa baridi. Unaikoroga polepole kabisa, ukiharakisha tanki lote linakuwa povu na utakaa hapo hadi mchana ukingoja ishuke. Baadaye ndio chumvi, na hapa ndio vijana wapya huharibu. Chumvi ndio hufanya sabuni iwe nzito, lakini ina kiwango chake, ukiongeza kidogo kidogo inakaza vizuri, ukipitisha inageuka ghafla inakuwa nyepesi kama maji na chumvi huwezi kuitoa tena, kwa hivyo mtu akiona imelegea anaongeza chumvi tena akidhani anasaidia, kumbe ndio anaimaliza. Mwisho naweka klorozailenoli, hiyo ndio dawa yenyewe, ile ya harufu ya Dettol, harufu ambayo mtu akiisikia tu anakumbuka kudungwa sindano utotoni. Napima pH, kile kipimo cha ukali wa asidi, nataka icheze hapo 5.5 karibu na ngozi ya binadamu.

Niwaambie kitu kimoja cha aibu. Mwaka wangu wa kwanza bosi alisafiri na klorozailenoli ikaisha, kwa stoo kulikuwa na benzalkoni kloridi, nikasoma lebo nikaona nayo inaua bakteria, nikasema si ni mamoja. Nikamwaga kwa tanki. Dakika chache sabuni ikawa nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Ungerol ina chaji hasi na benzalkoni ina chaji chanya, zikikutana zinashikana zenyewe kwa zenyewe na hakuna inayobaki na nguvu ya kufanya kazi yake. Lita 200 zikaenda hivyo na mshahara ukakatwa miezi mitatu. Lakini tangu hiyo siku naelewa kwa nini daktari akinawa na sabuni ya kawaida halafu papo hapo apake klorheksidini, ile dawa ya kuua bakteria kwa ngozi, bila kusuuza vizuri, klorheksidini inapungua makali. Nayo ni ya chaji chanya. Hayo masomo nililipia, sikupewa bure.

Saa tatu tumepakia gari letu, Probox, mitungi kumi na minne ya lita 20, mzee dereva anaweka taarabu na hatuongei hadi Kariobangi. Hapo ni kushusha minne, sahihi, twende. Juja Road kuna zahanati ya sista mmoja mkali, yeye haridhiki mpaka asome lebo yote. Leo ameuliza kama tunaweka triklosani, kemikali nyingine ya kuua bakteria. Nikamwambia hapana sista. Akasema afadhali, yeye alisoma kwamba FDA, wale wasimamizi wa dawa na chakula wa Marekani, waliikataza 2016 kwa sabuni za nyumbani pamoja na kemikali zingine 18, na mwishoni mwa 2017 wakaikataza hata kwa zile za hospitali, sababu kampuni zilishindwa kuonyesha kwamba ni salama na inafanya kazi. Akaniuliza sasa mimi kama mtu wa sabuni, mtu wa kawaida nyumbani kwake anahitaji ya kuua bakteria?

Nikaangalia kama mzee dereva ananisikia. Nikasema sista, nyumbani mche wa sabuni ya kawaida na maji yanayotiririka vinatosha. Bosi asinisikie. Na hata huku kwenu, kama mkono hauna uchafu wa kuonekana, Shirika la Afya Duniani tangu mwongozo wao wa 2009 wanapendelea ile ya spiriti ya kujipaka, sekunde 20 hadi 30 umemaliza, wakati kunawa na maji ni sekunde 40 hadi 60 na nesi mwenye wagonjwa 30 hana hizo dakika. Sabuni na maji ni mkono ukiwa na damu, ukitoka choo, ama ukitoka kwa mgonjwa wa ile harisha ya C. difficile, kwa sababu spora zake, zile kama mbegu ngumu za bakteria, spiriti haiziui. Sabuni pia haiziui, lakini inazitelezesha zinaenda na maji. Sista akacheka, akasema wewe utafutwa kazi. Akaagiza mitungi mitatu.

Saa sita na nusu, kibandani. Chapati madondo. Mama wa kibanda bado ana lile pipa lenye mfereji la wakati wa korona, wengi walishageuza yao kuwa ya kuhifadhia mchele. Mnakumbuka baada ya kile kisa cha kwanza cha Machi 13, 2020? Hakuna duka ungeingia bila kunawa, walinzi walikuwa wanakufuata na chupa. Sisi tulikuwa tunalala godauni, tunakoroga usiku na mchana. Sasa hivi kwa hii meza tuko wanaume watano na mmoja tu ndio amenawa na sabuni, wengine wamelowesha vidole vya mkono wa kulia kama watu wanaotoa baraka. Nimenyamaza, si kazi yangu saa ya kula.

Saa nane. Hapa sasa ndio siku yangu ilikuwa inaenda. Kuna hospitali moja Eastlands, jina niachie, metroni, yule mkubwa wa manesi, alipiga simu wiki iliyopita akasema sabuni yetu ni maji na ina harufu, na wasipopata maelezo wanahama. Nikachukua chupa ya sampuli ya ile bachi yao, tunawekaga moja ya kila bachi, nikaweka juu ya meza yake. Nzito, safi, harufu ya Dettol. Metroni akaiangalia, akaniangalia, akasema basi twende wodini.

Kwa sinki ya kwanza kuna bango la nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi ya usafi wa hali ya juu kama kudunga, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Limepauka hadi daktari wa kwenye picha hana uso. Chini yake dispensa ya ukutani, kile chombo cha kubonyeza sabuni itoke. Nikabonyeza, ikatoka kitu chepesi cha rangi ya waridi iliyofifia. Nikaomba kuifungua. Ndani, kwa chini, utelezi. Ile ya kunata inayoshikilia plastiki, ukiisugua na kidole inatoka kama kamasi. Metroni alirudi nyuma hatua moja.

Akaitwa mama wa usafi. Mama wa makamo, kanga kiunoni, amesimama na ndoo akijua kabisa kuna neno. Nikamsalimia, shikamoo mama, nikamuuliza tu huwa anajaza vipi. Akasema anamwaga juu ya ile iliyobaki, halafu anaongeza maji ifike mwisho wa mwezi. Metroni akaanza kupandisha sauti. Mama akamwambia kwa upole, "Mimi napewa mtungi mmoja wa wodi nne. Nikisema umeisha tarehe kumi na tano naulizwa nimepeleka wapi. Sasa nifanye nini mwanangu?" Hapo alikuwa ananiangalia mimi, na mimi sikuwa na jibu.

Nikamweleza metroni kwamba sabuni ikiongezwa maji, hata ile dawa ya kuifanya isioze inapungua, na kuna bakteria kama Pseudomonas na Serratia wanaoishi vizuri kabisa ndani ya sabuni nyepesi. Ukijaza mpya juu ya ya zamani unawalisha. Kuna hospitali nje ambazo wagonjwa waliugua na chanzo kikafuatwa hadi kwa dispensa ya sabuni, si uvumi, imeandikwa. Nesi ananawa vizuri sekunde zake zote halafu anatoka na mkono mchafu kuliko alivyoingia nao. Chombo kikiisha kinatolewa, kinaoshwa, kinakauka kabisa ndio kijazwe, ama mtumie vichupa vya kutupa.

Nilikuwa naongea vizuri sana, najisikia. Halafu mama wa usafi akasema, "Lakini huyo mzee wenu wa gari ndio alituambia."

Nani?

"Yule wa Probox. Alisema hii ni nzito, ni ya kuongeza maji."

Kimya. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu ameshikwa. Metroni hakucheka. Nikatoka hadi parking, mzee ametoa kiti nyuma amelala, nikamwamsha nikamuuliza. Akasema ndiyo, alisema, na alisema hivyo kwa kila mtu, kwani si ile sabuni ya sakafu tunauza ni ya kuongeza maji? Mitungi ni ileile, kofia ni ileile, lebo imebadilika jina tu. Yeye atajuaje. Na ukweli, lebo yetu haijaandika popote jinsi ya kujaza. Imeandika inaua bakteria, kwa herufi kubwa, na picha ya tone la maji linalong'aa.

Nikarudi kwa metroni nikamwambia makosa ni yetu. Ilinichoma, lakini nilimwambia. Nikamwachia mitungi miwili bila invoisi, hiyo nitajua nitamwambia bosi nini, na tukakubaliana dispensa zote za wodi nne ziteremshwe leo. Yule mama wa usafi alianza kuzifungua kabla hatujamaliza kuongea. Mtu wa stoo ya hospitali, yule wa kutoa huo mtungi mmoja, hakuonekana siku nzima.

Saa kumi, shule ya bweni huko Buruburu, mitungi mitatu, mwalimu wa zamu akaniuliza kama nina ya bei chini. Sina.

Saa kumi na moja na nusu, godauni. Nimemweleza bosi kila kitu, akanisikiliza akiwa anahesabu invoisi za wateja ambao hawajalipa siku tisini. Nikasema tunahitaji lebo mpya na kofia za rangi tofauti. Akasema lebo alichapisha 2,000 mwezi uliopita, hizo ziishe kwanza. Nikamuuliza zitaisha lini. Akasema uza zaidi.

Kwa hivyo nimetafuta ile maka nyeusi ya kuandikia maboksi, nikakaa chini kwa sakafu na mitungi ya kesho, kumi na minane, nikaandika mmoja mmoja kwa mkono: USIONGEZE MAJI. USIJAZE JUU YA ILIYOBAKI. CHOMBO KIOSHWE KIKAUKE. Mwandiko wangu ni mbaya tangu shule ya msingi, kwa mtungi wa kumi herufi zilishaanza kupanda mlima. Mzee dereva akanitazama muda, halafu akachukua maka ya pili akakaa kando yangu. Yeye anaandika vizuri kuliko mimi.

Saa mbili usiku niko nyumbani. Mfereji bado. Wino wa maka umeingia kwa zile nyufa za vidole na kwa sabuni yetu hautoki, nimejaribu mara tatu, na mara ya tatu ndio nimemaliza maji ya kesho asubuhi.