Siku moja na vigae vya Uvinza

Saa 12 asubuhi, Kigoma mjini. Kazi ya kwanza, hata kabla ya chai, ni kubadilisha maji ya vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale kutoka Uvinza, mahali pa chemchemi za chumvi mkoani Kigoma. Vyungu vya Uvinza vilichemshia maji ya chumvi, na chumvi hiyo bado imo ndani ya udongo. Kigae kikianikwa bila kulowekwa, chumvi hujikusanya karibu na uso na kuubandua, nakshi zikaenda nao. Maji hubadilishwa kila siku. Ya mwisho yawe ya mvua, maana ya ziwani yana madini yake. Vigae vyenye ukoko ndani havioshwi kabisa. Ukoko ndio ushahidi wa kilichopikwa, navyo hufungwa kwenye karatasi ya aluminiamu.

Saa 2. Kuanika kivulini, juu ya wavu. Lebo mbili kwa kila mfuko, ndani na nje, kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka. Kigae kisichojulikana kilitoka tabaka gani la ardhi ni takataka tu, hata kiwe kizuri namna gani.

Saa 3 mpaka saa 7 ni midomo ya vyungu. Kipande hugeuzwa juu chini mezani, kikainamishwa mpaka mwanga usipite chini yake, ndipo kilinganishwe na chati ya miduara iliyopishana sentimita 1. Kisichofika asilimia 5 ya duara sikipi kipenyo. Napima unene na uzito, basi. Kuhesabu vigae peke yake hudanganya: chungu kimoja kikubwa huweza kuacha vipande vingi kuliko vidogo vitatu. Kwa hiyo najumlisha asilimia za midomo. Asilimia 10, 25 na 15 za aina moja ni sawa na nusu chungu, hata kama vipande ni vitatu.

Saa 8, kuchora: mkato (ukuta wa chungu unavyoonekana ukikatwa) kushoto, sura ya nje kulia, kwa ukubwa halisi. Kupunguza ni baadaye.

Saa 10, kuandika. Watafiti Sutton na Roberts walichimba Uvinza mwaka 1967, na tarehe zao, zilizopimwa kwa kaboni, zilirudisha uchemshaji wa chumvi hadi karibu karne ya 5 au ya 6 B.K. Tarehe za enzi hizo hazikusawazishwa, yaani kugeuzwa kuwa miaka ya kalenda, kama za leo, na miaka ya kaboni huhesabiwa kurudi nyuma kutoka 1950. Ukiziweka jedwali moja na zako bila kuzisawazisha zote kwa njia ile ile, utazua pengo ambalo halikuwepo.

Saa 2 usiku, jedwali kwenye flashi, daftari linapigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Msimamizi wa utafiti wangu anatumiwa vipimo kwanza. Utangulizi wa andiko unaweza kusubiri.