Saa Nne Ipi? Alhamisi Moja ya Mtengeneza Tovuti, Tanga

Saa 11:25 alfajiri

Nimerudi kutoka msikitini, nyumba bado imelala. Huu ndio wakati wangu. Kazi za wateja sizigusi saa hizi, hata kama mtu kanitumia ujumbe usiku kucha. Ninachofungua ni folda niliyoipa jina "Vyangu". Humo mna vitu ambavyo hakuna aliyeniagiza wala atakayenilipa. Kuna ukurasa unaompa mjomba nyakati za maji kujaa na kupwa, kwa kuwa yeye ni mvuvi na maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kuna mwingine unaochora kanga kwa msimbo mtupu, pindo, mji na jina, bila picha hata moja. Na kuna hii saa, ambayo imenishika kwa miezi mitatu sasa.

Ni saa ya Kiswahili. Ukiifungua kwenye kivinjari inakuonyesha wakati kama tunavyoutaja sisi, si kama unavyoandikwa kwenye simu. Hesabu yake ni mstari mmoja: (h + 6) % 12 || 12. Unachukua saa ya kompyuta, unaongeza sita, unaondoa kumi na mbili zinapozidi, na ikibaki sifuri unaandika kumi na mbili. Saa 13 inakuwa saa saba, saa 18 inakuwa saa kumi na mbili. Siku nilipouandika mstari huo nilidhani nimemaliza. Kisha nikafika kwenye neno linalofuata tarakimu, na hapo ndipo nilipo mpaka leo.

Nieleze ilikoanzia. Mwaka jana nilitengeneza fomu ya kuweka miadi kwa kliniki moja. Nikapanga saa kwenye orodha: 8:00, 9:00, 10:00, 11:00, 2:00, 3:00, 4:00. Mama mmoja akachagua 4:00, akafika na mwanawe saa nne asubuhi. Mfumo ulikuwa umemwandikia saa kumi. Akaambiwa zimebaki saa sita kabla ya zamu yake. Walinipigia simu siku hiyohiyo, na sauti ya yule muuguzi sijaisahau, maana hakunigombeza, alinieleza tu kwamba mtoto ana homa na mama hana nauli ya kurudi mara ya pili.

Yule mama hakukosea. Tiketi ya basi ikisema "kuripoti saa 11:30 asubuhi" sote tunajua ni kabla jua halijatoka. Magazeti huandika saa 4:00 asubuhi, kadi za harusi vilevile. Mimi mwenyewe nimekulia humo humo, halafu nilipokaa mbele ya kompyuta nikaandika kama mtu asiye na kwao. Fomu niliirekebisha usiku uleule: kila kitufe kikawa na maneno kamili, "Saa 4:00 asubuhi", "Saa 10:00 jioni", na seva ikahifadhi wakati kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mteja aliridhika. Mimi nikabaki na swali la saa nne ipi.

Saa 1:15 asubuhi

Mbaazi za nazi na mahamri, chai ya mchaichai. Mbaazi za Mama huwa nzito, zile ambazo hamri likizama linatoka limebeba. Mahamri tunanunua kwa jirani, na ukichelewa kupita saa moja na nusu unakuta beseni tupu.

Mama ana saa ya ukutani iliyotundikwa sebuleni tangu sijazaliwa. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, yeye anasoma saa moja bila kufikiri. Nilipokuwa mdogo alinifundisha hivi: "Usitazame kichwa cha mshale mwanangu, tazama mkia wake unaelekea wapi." Na kweli, mshale wa saa ile una mkia mfupi uliochongoka, na mkia ukielekea 1, ni saa moja.

Somo hilo ndilo lililonipa uso wa saa yangu. Mshale wa dakika niliuacha ulivyo. Ule wa saa niliuzungusha nusu duara, rotate(180deg), basi. Kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ni maneno machache, ila nilipoona mshale umegeuka na kusimama kwenye 1 asubuhi ya saa moja, nilimwita Mama aje aone. Akatazama skrini, akatazama ukutani, akasema, "Hiyo sasa haina haja ya mkia."

Huwa nafikiri utaratibu huu ungekuwa mgumu kuanza kule ambako jua linatoka saa yoyote kutegemea majira. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kabisa na fupi kabisa haifiki saa nzima. Jua likichomoza unaanza kuhesabu, likizama unaanza upya, mwaka mzima. Hakuna ulazima wa kuanza kuhesabu usiku wa manane, wakati watu wengi wamelala.

Saa 3:00 hadi saa 7:00

Kazi ya kulipwa. Nyumba ya wageni huko Pangani wanataka tovuti yao ifunguke haraka, na sababu ya uzito niliiona mara moja: picha za bahari zilizopakiwa kama zilivyotoka kwenye kamera, moja ina megabaiti 6. Mgeni anayeangalia kwa simu analipia kila megabaiti kwenye bando lake. Nikazipunguza ukubwa, nikazigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, nikaweka sharti kwamba picha za chini zisishuke mpaka msomaji azifikie. Ukurasa mzima sasa uko chini ya megabaiti moja. Kuna raha yake kuona namba inashuka namna hiyo, kama kumtua mtu mzigo kichwani.

Mengine ya asubuhi hayana habari: barua pepe, ankara, kikoa (jina la tovuti) kinachokaribia kuisha muda wake.

Saa 8:20 mchana

Joto. Baada ya wali na samaki wa kukaanga sijaribu kazi ya kufikiri sana. Huu ni wakati wa kuchora. Nataka saa yangu izungukwe na pindo la kanga, lenye korosho. Nimechora korosho moja tu kwa SVG, michoro inayoandikwa kwa msimbo, mkunjo mmoja mkubwa na mmoja mdogo, nikaacha msimbo uirudie pande zote nne.

Shida iko kwenye kona. Korosho zinazotembea kulia zikikutana na zinazotembea chini, zinagongana. Nilihangaika karibu saa nzima, nikijaribu kuzikata kwa mshazari kama fremu ya picha, na kila nilipotazama niliona ni fremu, siyo kanga. Mwisho nikatoka nje kwenye kamba ya nguo. Mama alikuwa ameanika doti mbili. Kwenye moja, pindo la upande mfupi limelikatiza moja kwa moja lile la upande mrefu, kona ikawa mali ya upande mmoja. Kwenye nyingine, mchoraji ameweka mraba pembeni, na ndani ya mraba ua moja. Nimevaa, nimefunikwa, nimebebwa mgongoni kwa kanga, na sikuwahi kutazama kona zake. Nikasimama pale juani nikizigeuza moja moja, nikimheshimu mtu nisiyemjua aliyekaa na tatizo langu hili hili akiwa na kalamu na karatasi.

Nikachukua njia ya mraba. Ua lililomo ndani lina petali nane, kwa sababu sita zilionekana pungufu.

Saa 10:15 alasiri

Baiskeli mpaka barazani, Ngamiani. Kahawa chungu, kashata ya karanga, na wazee ambao wamenikubalia niwaulize maswali yangu kila Alhamisi. Baada ya "shikamooni" na "marahaba", karatasi ikatoka.

Swali langu la leo lilikuwa mipaka. Kivinjari chenyewe kinajua Kiswahili kiasi. Ukikiambia "sw", kifupi cha Kiswahili, kinachota maneno kwenye hazina iitwayo CLDR, ya Unicode, shirika linaloweka viwango vya maandishi kwenye kompyuta, na hazina hiyo imeigawa siku yetu vipande vitano: alfajiri kuanzia saa kumi mpaka saa moja, asubuhi mpaka saa sita, mchana mpaka saa kumi, jioni mpaka saa moja usiku, na baada ya hapo usiku. Nawashukuru walioifanya kazi hiyo, na shukrani inanijia kila ninapoona majina ya miezi yakijitokeza yenyewe kwa lugha yetu. Lakini alasiri haimo. Na ile alfajiri inayofika saa moja nilijua italeta maneno.

Ikaleta. "Saa kumi na mbili na nusu jua limeshanipiga usoni," akasema mzee wa kwanza. "Alfajiri gani hiyo?"

Wa pili akatetea kwamba Desemba na Julai si sawa, na kwamba alfajiri inakoma jua linapochomoza, haijalishi mshale uko wapi. Hilo wote walilikubali, nami nikaliandika: alfajiri isikatwe kwa saa, ikatwe kwa jua. Kukokotoa machweo na macheo kwa tarehe na mahali si kazi ngumu, ukurasa wa mjomba tayari unafanya hivyo.

Alasiri ndiyo iliyotukalisha. Mmoja alisema alasiri ni wakati wa swala, inaanza swala ikiingia na watu wakishaswali ni jioni. Fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kiko hatua chache na husikiliza kila kitu, akasema kwake jioni ni pale upepo wa bahari unapoanza kufika Ngamiani. Muuza kahawa akauliza, "Mtu akikualika chai saa kumi na nusu, anasema alasiri au jioni?" Baraza likagawanyika nusu kwa nusu. Watu wazima waliosema Kiswahili miaka sabini, na kila upande ulikuwa sahihi.

Basi sikuchagua. Saa kumi na nusu ukurasa utaandika "alasiri", na ukiligusa neno litageuka "jioni", na litakumbuka ulilolichagua. Nilipowaeleza, mzee wa kwanza alifikiri kidogo, akasema, "Hapo umetenda haki."

Tukaingia kwenye siku za wiki, na hapa mimi ndiye niliyekuwa na la kuwaonyesha. JavaScript, lugha ya msimbo ninayoitumia, inahesabu siku kuanzia Jumapili, na Jumapili yenyewe inaitwa sifuri. Sisi tunaanza Jumamosi, mosi, kisha pili, tatu, nne, tano. Ukifika Jumatano ni ya tano kwa Kiswahili, na kesho yake, Alhamisi, ni ya tano tena, kwa Kiarabu. Tuna siku mbili za tano zinazofuatana na hatujawahi kuchanganyikiwa. Wazee walilijua hilo kabla yangu, lakini walifurahi kusikia linavyonisumbua kwenye msimbo.

Kisha mzee wa pili akaniuliza, "Na usiku wa Ijumaa, umeuweka lini?"

Nikajibu kesho. Akatikisa kichwa. "Ni leo. Siku inaingia magharibi. Usiku hutangulia mchana wake." Kijana mmoja akapinga, kwamba ukimwambia mtu mje usiku wa Ijumaa atakuja kesho. Wote wawili wanasema kweli. Ni umri tu na malezi. Nikaandika maneno ambayo hayana ugomvi: usiku wa kuamkia Ijumaa.

Saa 12:40 usiku

Niliwahi kuimaliza sehemu hiyo kabla ya adhana. Baada ya swala nimekaa sebuleni na Mama. Amewasha udi, kama kila usiku wa kuamkia Ijumaa, na moshi umetanda chini ya taa. Nikamfungulia saa kwenye simu yake. Pindo la korosho, mraba wenye ua, mshale kwenye 12, na chini yake yale maneno mapya. Akayasoma kwa sauti, polepole. Uso wake ulivyokuwa sijui niuandikeje.

Tukakaa nayo. Dakika tano baadaye akanigeuzia simu. "Hapa inasema saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano."

"Ndiyo, Mama."

"Nani anasema hivyo? Hiyo ni saa moja kasorobo."

Saa 4:10 usiku

Robo ilikuwa rahisi, nusu pia. Kasorobo inadai kitu kingine: dakika zikifika 45, lazima tarakimu ya saa iruke kwenda mbele, kwa sababu tunaitaja saa ambayo bado haijafika. Kumi na mbili inakuwa moja. Na baada ya dakika 45, Mama anasema "saa moja kasoro dakika kumi", kwa hiyo hesabu yote ya dakika inageuka, inaanza kushuka badala ya kupanda. Mstari wangu mmoja wa mwanzo sasa ni mistari kumi na minne. Nyumba imelala tena, udi bado unanukia, chai imepoa pembeni ya kibodi.

Nimesogeza wakati wa majaribio mbele na nyuma: saa tatu kasorobo asubuhi, sawa. Saa sita kasorobo mchana, sawa. Saa kumi na mbili kasorobo jioni, sawa. Nikaondoa majaribio, nikaiacha isome wakati wa kweli, nikangoja.

Saa tano kasorobo usiku.