Mboga Chungu za Kukhu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii naomba tusome Kutoka 12, tukikawia kwenye mstari wa 8 na wa 26.

Mama yangu alikuja Nairobi kutibiwa macho, akakaa nasi hapa Kawangware wiki 3. Wanangu humwita Kukhu, yaani nyanya. Siku ya pili alifungua kabati la jikoni, akaona magadi niliyonunua dukani, akayarudisha bila neno. Kisha akatoa mkobani mfuko wa maganda makavu ya maharagwe, aliyotoka nayo Kakamega.

Aliyachoma uani mpaka yakawa majivu. Akatoboa matundu chini ya kopo kwa msumari, akatandika kitambaa ndani, akashindilia majivu, akamwagia maji polepole. Tukangoja. Maji yenye rangi ya chai isiyo na maziwa yakaanza kudondoka bakulini, tone kwa tone. Huo ndio munyu wa kwetu, wa kulainishia mboga za majani kama mrenda na saga. Nilishika kalamu nikamuuliza, "Vijiko vingapi, mama?" Akachovya ncha ya kidole, akaonja, kisha akanishika mkono akauchovya wangu. "Hivi."

Saga aliichambua mwenyewe, jani kwa jani. Ilipoiva akatia maziwa na kuirudisha kwenye moto mdogo. Nikauliza dakika ngapi. Akasema tuimbe. Tuliimba wimbo wote, beti 4, na kiitikio kila mara, ndipo akaepua sufuria. Hata hivyo hatukuila siku hiyo. Alisema ilale kwanza, ikubaliane na maziwa.

Kesho yake binti yangu wa miaka 9 akaonja, akakunja uso. "Kukhu, mbona mboga hii ni chungu?"

Mama akaweka tonge chini. Akamsimulia mwaka 1984, mvua ilipokataa na mahindi yakadumaa, na yeye akiwa bado mke kijana pale bomani. Saga ikaota yenyewe kando ya nyumba. Mama mkwe wake akamfundisha kuichambua, kuitia munyu na kuilaza, na kila jioni waliiombea kabla ya kupakua. "Mungu alitulisha kwa kile tulichokuwa tunang'oa kama magugu," akasema. Mtoto akanyamaza, akachukua tonge la pili.

Kutoka 12 nimeisoma miaka mingi na hizo mboga zenye uchungu nikizipita tu. Safari hii nilisimama hapo. Usiku ule Misri Mungu anaagiza mapishi: nyama iokwe motoni, isichemshwe majini, mkate usitiwe chachu, na mboga chungu ziwe pembeni. Halafu, katika mstari wa 26, anatarajia kabisa kwamba siku moja watoto watauliza maana yake. Na haya yote yanatokea kabla ya Sinai, kabla ya mbao za mawe. Chakula kilitangulia, kikaamsha swali la mtoto, na swali likampa mzazi nafasi ya kusimulia wokovu. Nilijiuliza ni lini mara ya mwisho wanangu waliuliza lolote kuhusu chakula nilichowapakulia. Sikukumbuka.

Lazima nikiri jambo. Nilipokuwa shuleni niliona haya kusema kwetu tunakula saga, kwa kuwa wenzangu waliiita chakula cha maskini. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kurudisha vyakula vya asili na kuiweka kwenye orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Nilifurahi, lakini furaha ile ilinichoma: wageni walithamini chungu cha nyanya yangu kabla yangu mimi. Naye, huyo mzaa baba, alikuwa na namna yake ya kukausha kunde ambayo leo hakuna nyumbani anayeikumbuka. Tulimzika nayo. Hakuna aliyekuwa amesimama karibu naye akitazama.

Kumbukumbu la Torati 6:7 inatutaka tuwafundishe watoto tuketipo nyumbani. Nyumbani kwangu, mahali pa kuketi ni jikoni. Na kwa wapendwa wengi naamini ni hivyo hivyo, iwe ni njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyejifungua, muthokoi wa Ukambani, yaani mahindi yaliyokobolewa, au mursik, maziwa ya mgando ndani ya kibuyu. Mpigie simu mzee wako wiki hii. Muulize chakula kimoja, kisha umuulize ni nini Mungu aliwatendea mwaka waliokila chakula hicho.

Jumamosi mimi na binti yangu tutaenda soko la Kangemi kutafuta saga. Munyu uliobaki uko kwenye chupa dirishani, na safari hii yeye ndiye atakayeonja kwanza. Wimbo ameshaujua, isipokuwa ubeti wa 3. Tutampigia Kukhu.