Kumbukumbu ya mradi wangu: koleo kwanza, tindo baadaye

Karibu kila anayeingia karakana yetu ya pamoja ya uhunzi kwa mara ya kwanza hutaka kufua kisu. Mimi nimechagua koleo, chombo cha taya mbili cha kushikia chuma cha moto. Chuma kinachochezacheza mkononi hakipokei pigo lote. Nguvu nyingine huishia kwenye kifundo cha mkono, na jicho linahangaika kukilinda kisidondoke badala ya kutazama kinavyobadilika umbo. Makoleo ya karakana yapo, tena mengi, lakini kila moja lilifuliwa kwa unene wake, na lile ninalolihitaji huwa mara nyingi mkononi mwa mwenzangu. Ndiyo maana mradi una sehemu mbili: koleo la taya bapa la kushika chuma cha unene wa mm 10, kisha tindo, yaani patasi ya kukatia chuma, itakayofuliwa kwa koleo hilohilo.

VIPIMO

Nimetumia nondo ya mraba ya mm 16, chuma laini cha kawaida, kisicho na rangi wala zinki. Hili la zinki halina mzaha: zinki huanza kuchemka ikifika takriban nyuzi 907 za Selsiasi, chini kabisa ya joto la kufulia, na moshi wake mweupe humletea mtu homa na kutetemeka. Bati au bomba lililopakwa zinki halipelekwi kwenye moto wa uhunzi.

Kila nusu ya koleo inakula cm 24 za nondo. Cm 12 ni za taya na kiungo (mahali nusu mbili zinapopishana), na cm 12 zilizobaki ndizo mkono. Ukiuvuta mkono kutoka mraba wa mm 16 hadi duara la mm 10, eneo la mkato linapungua kutoka mm za mraba 256 hadi kama 79, kwa hiyo cm 12 zinakuwa karibu cm 39. Napenda hesabu hii kwa sababu chuma hakipotei; magamba machache tu ndiyo yanayobaki kwenye moto. Ukijua ujazo, unajua urefu kabla hujawasha mkaa.

TAYA NA KIUNGO

Sikukata vipande mwanzoni. Nilifanya kazi kwenye ncha ya nondo ndefu ya zaidi ya mita moja, upande wa pili ukiwa baridi mkononi. Hivyo mtu asiye na koleo anaweza kutengeneza koleo.

Kwanza kingo za fuawe, lile pande la chuma tunalofulia juu yake. Nimechagua sehemu ambayo ukingo umepigwa tupa ukawa na mviringo mdogo. Ukingo mkali hukata kona ya ndani ya bega (ngazi inayobaki pale unene unapobadilika), na ufa ukianzia hapo hufunguka siku koleo linapobanwa kwa nguvu.

Taya: ncha inalazwa kwenye ukingo wa karibu, nyundo ipige nusu juu ya fuawe na nusu nje, hadi sehemu iliyo ndani iwe bapa na bega lisimame. Kisha nondo inazungushwa robo kwenda kushoto, inasogezwa mbele hadi ukingo wa mbali kwa mshazari wa nyuzi kama 45, na bega la kiungo linapigwa. Robo nyingine kushoto, inasogezwa tena, na bega la tatu linatenga mkono. Nusu ya pili inafuata mzunguko huohuo, kushoto na kushoto tena. Akili inakushawishi kwamba nusu mbili zinazopishana lazima ziwe kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Sivyo. Ni pacha kabisa. Ukizifanya kulia na kushoto hazitafunga kamwe.

Nafua kuanzia rangi ya chungwa inayokaribia manjano, joto la nyuzi 1,000 hadi 1,100 hivi, na ikishuka hadi damu ya mzee narudisha motoni. Rangi hizi nazisoma kivulini. Juani chuma cha chungwa huonekana kama kimepoa, na ukikifuata kwa jicho hilo utakiacha motoni hadi kitoe cheche na kuungua.

MIKONO, NA NYUNDO YA MTU WA PILI

Kuvuta mikono peke yako kwa nyundo ya kilo moja na nusu kunawezekana. Kwa watu wawili ni kazi nyingine kabisa, na kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa ya karakana ya pamoja, kuliko hata vifaa.

Fundi wetu mkubwa ndiye aliyeshika chuma. Mimi nilishika nyundo kubwa ya kilo nne. Utaratibu ni huu: nyundo ndogo ya fundi inagusa mahali, nyundo kubwa inaanguka palepale. Nyundo ndogo haivuti chuma sana, inaongea. Pigo lake zito linadai pigo zito, mguso mwepesi unadai wepesi, na akigonga fuawe yenyewe badala ya chuma, hilo ni neno la kusimama. Hata kama nyundo yako iko hewani, unaishusha pembeni. Mpigaji hasimami kuelekeana uso kwa uso na fundi, bali kwa mshazari, ili nyundo ikichomoka isimfuate mtu.

"Kijana, usiangalie nyundo yako," aliniambia. "Angalia yangu."

Nilipofanya hivyo mapigo yalianza kutua bapa. Tulivuta mraba kwanza, ukawa mwembamba kadiri tulivyotaka, kisha tukakunja kona nne kuwa pembe nane, na mwisho tukapiga kona hizo kuwa duara. Anayekimbilia duara moja kwa moja hupasua kiini cha chuma, kwa sababu mapigo ya kuzungusha yanasukuma ngozi ya nje na kuacha katikati nyuma. Tulibadilishana: nilipoongoza mimi, nilishangaa jinsi inavyotaka uamuzi wa haraka. Mpigaji anakusubiri, na rangi haisubiri.

TUNDU NA RIBITI

Tundu limetobolewa kwa moto, si kwa drili, kwa kuwa kutoboa kwa moto kunasukuma chuma pembeni na kiungo kinabaki kinene. Kitobozi kinapigwa mapigo machache, kinachovywa majini, kinarudishwa. Ukihisi umefika chini kabisa, geuza kipande: mahali kitobozi kilipokandamiza pamepoa kidogo na panaonekana kama doa jeusi. Weka ncha hapo, juu ya tundu la fuawe, na kidonge kinadondoka.

Ribiti, yaani pini inayounganisha nusu mbili, ni ya mm 10 na imeachiwa mm 15 nje kwa ajili ya kichwa, yaani mara moja na nusu ya kipenyo chake. Imepigwa ikiwa nyekundu, na kabla wekundu haujaisha nimefungua na kufunga koleo hadi likalegea. Kisha taya zikapashwa na kubanwa kwenye kipande halisi cha mm 10, huku gongo dogo likiwa kati ya mikono ili ipate upana wa kiganja. Linashika! Ukilitikisa, kipande hakisogei hata unywele.

TINDO

Kwa kuwa koleo linashika, sehemu hii ilikwenda haraka. Malighafi ni kipande cha springi bapa ya gari, unene mm 10, chuma chenye kaboni ya kutosha kugumu. Nimekifua, nikakipasha na kukiachia kipoe hewani mara kadhaa ili chembe zake zitulie.

Kuna sumaku inayoning'inia kwa kamba karibu na tanuri. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi kama 770, na joto la kugumishia liko juu kidogo ya hapo. Nilipasha cm 4 za ncha pekee, sumaku ikaacha kushika, nikaongeza wekundu kidogo, kisha nikazamisha kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi vuguvugu. Tupa ikateleza juu ya makali bila kung'ata: imegumu. Lakini ugumu huo ungevunjika kwa pigo la kwanza. Nikasugua ncha kwa msasa hadi ing'ae, nikapasha kiwiliwili, nikatazama rangi zikitambaa kuelekea makali: manjano hafifu, kahawia, zambarau. Zambarau ilipofika ukingoni, karibu nyuzi 280, nikaizuia kwa mafuta.

Kichwa kimeachwa laini makusudi, kingo zake zimepigwa tupa. Kichwa kigumu kikigongana na nyundo ngumu hurusha vibanzi, na vibanzi hutafuta macho.

Tindo imeshakata nondo baridi ya mm 12 na makali hayajajikunja. Kinachofuata ni koleo la pili, la mdomo wenye mfereji wa V kwa ajili ya vyuma vya duara. Nondo yake nimeshaipima, na zamu ya nyundo kubwa ameshaichukua mwenzangu.