Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Sauti Mwanjelwa

Saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Loleza hapa Mbeya, nilifungua kibanda changu cha ufundi. Kazi ya siku ilikuwa moja: mwalimu mstaafu wa mtaa wa Forest alitaka sebule yenye sauti inayomzunguka msikilizaji, na filamu za kutazama kwa intaneti.

Saa mbili na nusu alifika mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Nimeona sabufa yenye wati 10,000. Mama analalamika kwamba hasikii maneno."

Wati zinazochapishwa kwenye maboksi mimi siziamini. Nilimweleza kwamba katika mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, maneno ya waigizaji hutoka zaidi kwenye spika ya katikati, ilhali sabufa, ambayo ndiyo hiyo ".1", hubeba mngurumo tu, kwa hiyo sabufa kubwa ingezidi kuyafunika maneno ambayo Mama anayatafuta. Tulichagua amplifaya ya kadiri na spika ya katikati iliyo bora, tukaongeza na stabilaiza.

Saa nne tulikuwa sebuleni kwake. Nyuma ya televisheni palikuwa na matundu matatu ya HDMI, waya unaobeba picha na sauti pamoja, na moja tu limeandikwa ARC. Hilo ndilo linalorudisha sauti ya televisheni kwenye amplifaya kwa waya uleule. Nilichomeka hapo, lakini spika za nyuma zikakaa kimya. Nilipofungua mipangilio ya sauti nilikuta imewekwa PCM, ambayo kwa njia ya ARC hupitisha mikondo miwili tu, kushoto na kulia. Nilipobadilisha kuwa Dolby Digital, inayobeba mikondo yote ya 5.1, spika zote zikaitika. Inanisikitisha kwamba watu hurudisha dukani vifaa vizima kwa sababu ya mstari huo mmoja wa mipangilio.

Kochi lilikuwa limeegemea ukuta, basi tukalivuta mbele, nami zile spika za nyuma nikaziweka pembeni, nyuma kidogo ya msikilizaji, juu ya usawa wa masikio.

Saa saba nilipima intaneti, nikapata megabiti 9 kwa sekunde. Netflix hupendekeza 15 kwa picha ya 4K, iliyo kali zaidi, na 5 kwa picha ya 1080p, iliyo chini yake. Isitoshe, saa moja ya 4K inaweza kula hadi GB 7, na Mwalimu hununua bando kwa pensheni yake. Tukaiacha 1080p.

Saa tisa umeme ulikatika, tukanywa chai.

Saa kumi na moja jioni Mama aliketi kwenye kochi, tamthilia ikaanza, na mara mvua ikashuka juu ya bati kama ilivyo kawaida ya Mbeya. Nilipunguza sabufa hatua mbili, nikaongeza spika ya katikati hatua tatu. Mama aliinama mbele kidogo, kisha akaegemea taratibu.

"Baba," alimwambia mumewe, "huyo bibi amesema anaondoka kesho."