Kesi ya trafiki na ndoto ya kuwa karao

Polisi wakitangaza tu wanaandika makonstebo, hapa saiba yetu Kayole hakukaliki. Ile ya Novemba 2025 walipotafuta watu 10,000 nchi nzima, printa ilikuwa moto mpaka tukaizima ipumzike. Vijana wanatoa kopi za kitambulisho, kopi za KCSE, barua za chifu, wengine hata hawajui ni nini inahitajika wanaprint tu kila kitu kwa simu, na katikati ya hiyo kelele lazima kuna mmoja atangoja watu wapungue kidogo ndio aniulize polepole, siz, si mimi nilishikwaga na trafiki, hiyo itanifungia?

Mtaa wenyewe ni huu, nusu ya vijana wetu wanapanda nduthi na wengine ni makanga. Kutoshikwa ndio ajabu.

Sasa tuanze na tangazo lenyewe juu watu huwa hawalisomi, wanasikia tu kwa stage. Umri ni miaka 18 mpaka 28, KCSE D+, urefu futi 5 na inchi 8 kwa wanaume na futi 5 na inchi 3 kwa wanawake, na usiwe na rekodi ya uhalifu. Hakunanga mstari unasema usiwe umewahi kupigwa faini ya mkanda. Rekodi nayo inaangaliwa kwa cheti cha good conduct, unalipa 1,050 kwa eCitizen, unaprint ile fomu C24 mbele na nyuma kwa karatasi moja (msiniletee karatasi mbili mmezistepo, mtarudishwa), halafu unaenda kuwekwa vidole Huduma Centre ama kwa makao ya upelelezi, DCI, pale Kiambu Road. Wanatafuta vidole vyako kwa mafaili ya uhalifu. Namba ya nduthi yako hawana haja nayo.

Makosa madogo ya barabarani yaliwekewa bei yake 2016. Kutofunga mkanda 500, boda bila helmeti 1,000, kuongea na simu ukiendesha 2,000, kuziba barabara 10,000, na hiyo ya mwisho imeliza madere wengi sana hapa tao. Ukikubali, ukalipa, ukachukua risiti, hiyo imeisha, na mimi kwa hii dawati sijaona kijana amerudi akilia ati cheti kimechafuka juu ya mkanda. Lakini usichanganye hayo na kuendesha ukiwa mlevi ama kuendesha kwa njia ya hatari, na ukiua mtu kwa kuendesha hivyo sheria inaruhusu mpaka miaka 10 ndani. Hiyo hata kama imeandikwa Sheria ya Trafiki ni jela ile ile ya mwizi, na mtu wa hivyo aniambie anataka bunduki ya serikali, mimi pia ningefikiria mara mbili.

Shida yenye naona sana ni ingine kabisa. Kuna kijana wa stage yetu alishikwa, akapelekwa stesheni, akalipiwa dhamana na mamake, akapewa karatasi yenye tarehe ya korti. Tarehe ikafika akaenda kazi. Kwa akili yake zile pesa zilikuwa faini, alilipa, akaachiliwa, ni nini ingine wanataka? Na si yeye pekee, uliza hapo stage yoyote watakwambia hivyo hivyo. Buda, dhamana si faini. Dhamana ni pesa ya kuonyesha utarudi, na usiporudi korti inazichukua na hakimu anatoa waranti ya kukushika, na kesi haijafa, imekaa hapo na jina lako inakungoja. Kwa hivyo yule wa kosa la shilingi elfu moja anaweza kuwa mtu anatafutwa na polisi siku hiyo hiyo anaenda uwanjani kukimbia mbele ya polisi. Mimi hiyo picha hunichekesha na kuniuma pamoja.

Na kitu ingine, ukifika kortini sikiza shtaka likisomwa. Huwa wanasomewa wengi asubuhi, kila mtu anataka kurudi kazi, karani anauliza ni kweli ama si kweli na watu wanajibu ni kweli, ni kweli, ni kweli, mstari mzima, bila hata kujua wamesomewa kuendesha bila uangalifu ama kwa njia ya hatari. Hayo mawili yako mbali sana na yanaandikwa tofauti. Kama hujaelewa uliza, lugha pia unaweza kuomba ubadilishiwe. Na hakimu ana uwezo, kifungu cha 35 cha sheria ya makosa ya jinai, kukuachilia bila kukupa adhabu kama kosa ni dogo na wewe si sugu, lakini ni vizuri mtu aombe, ujieleze wewe ni nani na unatafuta nini maishani. Ukisema ni kweli ukanyamaza hapo utapigwa faini kama wengine.

Halafu kuna ile yenye hatupendi kusema. Dere mwenye hutoa chai kila siku barabarani, faili yake ni safi kama sahani ya wageni. Hajawahi kuona korti. Yule aliyekataa kutoa akasema nipelekeni, huyo ndiye ako na namba ya kesi. Kwa hivyo rekodi safi haisemi huyu anaendesha vizuri, mara nyingi inasema tu huyu hajafika mbele ya hakimu. Na hao polisi wenyewe wenye wanasimama barabarani, wakati wa ule ukaguzi wa maafisa wa trafiki 2016 tume ya huduma ya polisi ilikuwa inawauliza mambo ya M-Pesa zao, na maswali mengine wakaishia kujikuna kichwa mbele ya kamera nchi nzima ikiangalia. Mimi ningekuwa nahoji vijana ningemchukua yule wa risiti ya korti kwanza, lakini hakuna mtu ananiuliza.

Ukiulizwa kwa fomu ama uso kwa uso kama umewahi kushtakiwa, sema. Kumdanganya afisa wa serikali ni kosa lake peke yake, kifungu cha 129 cha hiyo hiyo sheria ya makosa ya jinai, na hilo halina bei ya 500.

Sasa huyo kijana wetu. Mamake alikuja hapa saiba na ile karatasi ya dhamana imekunjwa mpaka maandishi yanafutika, tukaisoma pamoja, namba ya kesi ilikuwa bado inaonekana. Nikawaambia waende rejista ya korti mapema asubuhi na kitambulisho, na waende na pesa ya faini mkononi, juu ukijipeleka mwenyewe hakimu huwa anakuona tofauti na ukiletwa na pingu. Walienda. Waranti ikaondolewa, akapigwa faini, wakalipa hapo hapo. Ile dhamana ya kwanza hawakurudishiwa, mama ameilia sana lakini ndio hivyo, ilishachukuliwa kitambo.

Juzi tumelipa ile 1,050 na nikamprintia C24, ameshawekwa vidole, sasa anangoja cheti. Tatizo ni kwamba ametimiza 27 na hakuna anayejua polisi watatangaza tena lini. Kila asubuhi akipita na nduthi anapunguza mwendo hapa mlangoni, ananiuliza kama nimeona tangazo.