Zinki haina ghala mwilini

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 2 za zinki, na sehemu kubwa ya kiasi hicho imo ndani ya misuli na mifupa, ambako haichotwi kirahisi pale chakula kinapopungua. Vitamini A huwekwa akiba kwenye ini, na madini ya chuma nayo yana akiba yake, lakini zinki haina ghala la namna hiyo. Kwa sababu hiyo siridhiki ninapoona orodha za vyakula “vyenye zinki kwa wingi”, kwani mwili hutegemea kile kinachopenya utumbo siku hadi siku, na kiasi hicho kinaweza kuwa kidogo mno hata sahani ikiwa imejaa.

Vimeng'enya zaidi ya 300 huhitaji zinki ili vifanye kazi, na seli haiwezi kugawanyika vyema bila hiyo. Ndiyo maana upungufu wake huonekana mapema pale ambapo seli huzaliwa kwa kasi: ngozi, utando wa ndani wa utumbo, askari wa kinga, na kimo cha mtoto anayekua.

Upungufu wa zinki kwa binadamu haukujulikana hadi miaka ya 1960. Daktari Ananda Prasad, akiwa Shiraz nchini Iran, alimpokea kijana wa miaka 21 aliyeonekana kama mtoto wa miaka 10. Chakula chake kilikuwa hasa mkate wa ngano usiotiwa hamira, nyama hakuipata, na kila siku alikula udongo. Maelezo ya wagonjwa wa aina hiyo yalichapishwa mwaka 1961, kisha uchunguzi uliofuata nchini Misri ukathibitisha kwamba zinki ilikuwa pungufu, na vijana waliopewa madini hayo wakaanza kurefuka. Mkate ule haukukosa zinki. Ngano, kama yalivyo mahindi, maharage na karanga, ina asidi ya fitiki, ambayo huishika zinki na kupita nayo hadi chooni, na udongo nao huzidisha tatizo hilo. (Wajawazito wanaonunua udongo sokoni kwetu wangestahili kuelezwa hili kliniki, badala ya kuchekwa.)

Ukiitazama sahani ya ugali na maharage kwa jicho hilo, utaona kwamba jiko la bibi zetu lilikuwa na majibu. Ulezi uliolowekwa hadi ukachipua, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea, huwa umeshaanza kuivunja asidi hiyo wenyewe, na togwa inayoachwa ichachuke huivunja zaidi. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha, kisha maji yale yakamwagwa, hupoteza sehemu yake. Kuhusu sembe na dona, ubishi hauishi: kukoboa huondoa asidi ya fitiki, lakini huondoa pia kiini na pumba zenye zinki nyingi, kwa hiyo mimi hubaki na dona, nikiongezea dagaa au kipande cha nyama pale kinapopatikana, kwa sababu zinki ya nyama na samaki haina kizuizi hicho.

Mtoto anayeharisha hupoteza zinki wakati ambapo utumbo wake unaihitaji ili ujijenge upya. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa pendekezo la pamoja kwamba, pamoja na ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji), mtoto wa miezi 6 na kuendelea apewe miligramu 20 za zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya umri huo apewe 10. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Ladha yake ni ya chuma chuma, mtoto hukunja uso na pengine hukitema, na kwa kuwa kuharisha hukoma baada ya siku chache, wazazi wengi huona hakuna haja ya kuendelea na vita hiyo. Hata hivyo, siku zinazobaki ndizo zinazorudisha kilichopotea na kupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi 2 au 3 inayofuata. Habari njema ni kwamba utafiti uliofanyika Tanzania na India kwa watoto 4,500, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa miligramu 5 au 10 hazikuwa dhaifu kuliko 20 katika kutibu kuharisha, na watoto walitapika mara chache zaidi. Mpaka hapo mwongozo wa kituo chako utakapobadilika, fuata kipimo ulichopewa na mhudumu wa afya.

Kwa watu wazima wanaonunua makopo ya zinki “kuongeza kinga”, hesabu ni nyingine kabisa. Mwanamume huhitaji takriban miligramu 11 kwa siku na mwanamke 8, na hupanda hadi 11 au 12 akiwa mjamzito au akinyonyesha. Ukomo wa juu kwa mtu mzima ni 40. Anayeupita kwa miezi mingi huufanya utumbo uzuie madini ya shaba, hata damu ipungue na neva ziharibike, akipata ganzi miguuni bila kushuku kwamba chanzo ni kidonge alichokimeza kwa nia ya kujikinga.